Mto Hulindwa Kuanzia Kilimani

Katika kila chuo cha kijeshi, mwanafunzi hufundishwa mapema namna ya kusoma ramani. Huambiwa atazame kwanza vilima, kisha mabonde, na mwisho barabara na vijiji. Kwa maana mwenye kushika kilima ndiye mwenye kuliona bonde, na aliye bondeni hulala kwa wasiwasi iwapo kilima kimo mikononi mwa adui. Kanuni hiyo tumeizoea katika mambo ya vita. Makala haya yanakusudia kuwaonyesha wasomaji wa ukurasa huu, makamanda na wapiganaji, maofisa na askari wa polisi, ya kwamba kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotawala uhai wa mto.

Tuuchukue Mto Rwizi, ulioko magharibi mwa nchi yetu ya Uganda. Rwizi huzaliwa katika vilima vya Buhweju, ukateremka kupitia vinamasi na mashamba ya migomba hadi Mbarara, mji uliopandishwa cheo kuwa jiji mwezi wa Julai 2020. Kutoka hapo huelekea mashariki, katika nchi ya malisho, ukafikia maziwa madogo ya Mburo na Kachera, na hatimaye maji yake huingia katika Ziwa Victoria. Kwa miaka mingi mto huu ndio uliotegemewa na mabomba ya Mbarara: ya hospitali, ya shule, ya viwanda vya maziwa na ya nyumba za raia. Ng'ombe wenye pembe ndefu, ambao ni fahari ya Ankole, hunywa humo humo.

Hata hivyo, kwa muda wa miongo kadhaa mto huu umekuwa ukidhoofika. Wakati wa kiangazi maji hupungua mno. Wakati wa masika hufurika yakiwa mekundu kwa udongo, na mitambo ya kusafisha maji hudai dawa nyingi zaidi ili raia apate maji ya kunywa. Kandokando ya mto watu wamechimba mchanga, wamefyatua matofali, wameosha magari na kulima hadi ukingoni kabisa. Huko juu, katika vilima ambako mto huanzia, miti imekatwa na vinamasi vimekaushwa. Wengi wetu tukipita darajani tukaona maji machafu, huwalaumu walio karibu na daraja. Lakini uharibifu wa mto, kama uvamizi, mara nyingi huanza mahali ambapo macho hayafiki.

BOHARI YA MAJI

Inafaa kwanza kueleza jinsi mto unavyofanya kazi, kwani hakuna awezaye kulinda kitu asichokielewa.

Mvua inaponyesha juu ya kilima chenye majani na miti, matone hayapigi ardhi kwa nguvu. Majani huyapokea, mizizi huyafungulia njia, nayo maji huzama polepole ndani ya ardhi. Miezi kadhaa baadaye, wakati jua limekausha kila kitu, maji yale yale hutokea chini ya kilima kama chemchemi. Lakini mvua hiyo hiyo ikinyesha juu ya kilima kilicho uchi, maji hayapati nafasi ya kuzama. Hukimbia mteremkoni saa ile ile, yakichukua udongo mzuri, na kufika mtoni yote kwa pamoja. Leo kuna mafuriko, na baada ya wiki chache kuna ukame. Mvua haikupungua hata tone moja.

Kinamasi nacho ni bohari ya mto. Kila askari anajua kazi ya bohari: chakula kikiletwa na malori hakiliwi siku moja, bali huwekwa, na mtunza bohari hutoa posho kidogo kidogo kwa hesabu hadi shehena nyingine ifike. Mafunjo na matope ya kinamasi hufanya kazi hiyo hiyo. Huyapokea maji ya masika, huyapunguza mwendo, huyachuja udongo na uchafu, kisha huyatoa kwa kipimo wakati wa kiangazi. Mtu akichimba mtaro katikati ya kinamasi ili apate shamba, amevunja mlango wa bohari. Shehena yote itatoka kwa siku moja, na kikosi kitalala njaa mwezi mzima.

Wahenga walisema, bandubandu humaliza gogo. Hakuna mtu mmoja aliyeudhoofisha Mto Rwizi. Huyu alikata robo ekari ya mafunjo apande viazi. Yule alipanda mikaratusi ndani ya kinamasi kwa kuwa mti huo hunywa maji sana na kuikausha ardhi. Wa tatu alichimba mfereji ili ng'ombe wake wapate majani. Kila mmoja aliona sehemu yake kuwa ndogo. Zilipojumlishwa, mto ukapungua.

SHERIA NA NJAA

Sheria za nchi yetu katika jambo hili ziko wazi. Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 237, inasema ya kwamba serikali kuu au serikali ya mahali hushika kama amana, kwa niaba ya wananchi wote, maziwa, mito, vinamasi na hifadhi za misitu. Amana si mali ya anayeishika. Kanuni zilizotolewa mwaka 2000 zikaongeza vipimo: mito mikubwa iliyotajwa, Rwizi ukiwa mmojawapo, ina ukanda wa hifadhi wa mita 100 kutoka ukingoni, na mito mingine mita 30.

Ikiwa sheria ipo, mbona mto ungali unaumia? Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na linatuhusu sisi wenye sare moja kwa moja.

Mara nyingine polisi, na hata wanajeshi, hutumwa kuwaondoa watu waliolima kinamasini. Amri hutekelezwa, mazao hung'olewa, na jioni malori hurudi kambini. Lakini kikosi kikirudi kambini, jembe nalo hurudi kinamasini. Na hapana ajabu katika hilo. Aliyelima pale hakufanya hivyo kwa kuichukia serikali. Shamba la baba yake lilikwisha kugawanywa kati ya ndugu saba, udongo wa kilimani umechoka, na kinamasini magimbi na kabichi huota hata mwezi wa Julai. Hakuna idadi ya askari inayoweza kusimama katika kila kinamasi cha nchi hii, usiku na mchana, mwaka hata mwaka.

Tena kuna jambo ambalo wananchi huliangalia kwa makini zaidi kuliko tunavyodhani. Sheria ikianza na mama mjane mwenye tuta moja la magimbi, ikamruka mwenye ekari hamsini na trekta, basi siku hiyo sheria imepoteza heshima yake katika kijiji kizima. Watu watatii mbele ya bunduki na kuasi nyuma yake. Mlinzi wa amana hana budi kuonekana kuwa mwadilifu, la sivyo huhesabiwa kuwa mvamizi wa pili.

MFANO WA RUGEZI

Ili tusiseme kwa nadharia tu, tuvuke mpaka tutazame waliyoyapitia majirani zetu wa Rwanda. Kaskazini mwa nchi hiyo, si mbali na mpaka wetu wa Kigezi, kuna kinamasi kikubwa kiitwacho Rugezi, chenye hekta zipatazo 6,700, kilicho juu sana milimani. Maji ya Rugezi huingia katika Ziwa Bulera. Kutoka Bulera huteremka kupitia kituo cha umeme cha Ntaruka hadi Ziwa Ruhondo. Na chini yake kiko kituo kingine, cha Mukungwa. Kisha maji hayo hufuata Nyabarongo na Kagera hadi Ziwa Victoria, ambamo hukutana na maji ya Rwizi wetu na kutoka pamoja Jinja kuwa Mto Nile.

Mnamo miaka ya 2003 na 2004, maji ya Ziwa Bulera yalishuka vibaya. Kituo cha Ntaruka kikapungukiwa na nguvu, na miji ya Rwanda ikaingia gizani. Serikali ililazimika kukodi mitambo ya dizeli kwa gharama kubwa. Wataalamu walipochunguza waliona sababu zaidi ya moja: mvua ilikuwa imepungua, na kituo chenyewe hakikutunzwa vema, lakini pia Rugezi ilikuwa imechimbwa mitaro na kulimwa, na vilima vinavyoizunguka vilikuwa vikimwaga udongo wake bondeni. Mkulima aliyechimba mtaro Rugezi pengine hakuwa na taa ya umeme nyumbani kwake, naye hakujua kwamba jembe lake limefika hadi kwenye taa za Kigali.

Serikali ya Rwanda ilipiga marufuku kilimo na uchimbaji wa mitaro ndani ya Rugezi, na Desemba 2005 kinamasi hicho kikaandikishwa katika orodha ya kimataifa ya vinamasi vyenye umuhimu wa pekee. Marufuku hiyo iliwauma wananchi. Waliokuwa wakipata chakula, majani ya mifugo na nyasi za kusukia walijikuta hawana pa kwenda, na umaskini wao ukazidi. Kama mambo yangeachwa hapo, bila shaka Rugezi ingekuwa uwanja wa mapambano kati ya askari na raia.

Lililosaidia ni kwamba kazi haikuishia katika kufukuza. Vilima vilichimbwa matuta na kupandwa miti. Mkanda wa mianzi na majani ulipandwa kuzunguka kinamasi na maziwa, ili udongo uzuiwe kabla ya kufika majini. Wananchi walipewa meko yanayotumia kuni chache, na kuhimizwa kufuga nyuki, kazi inayomfanya mtu apende maua ya kinamasi kuliko kuyang'oa. Kuna pia desturi ya kazi ya pamoja iitwayo umuganda, ambayo kwayo Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi raia na viongozi, pamoja na askari, hushika majembe kwa saa za asubuhi. Maji yalipanda tena, na Ntaruka ikarudia nguvu zake. Mwaka 2010 Rwanda ilipewa tuzo ya kimataifa kwa kuihuisha Rugezi.

Funzo ni hili: marufuku iliwapatia watu wa Rugezi muda, lakini kilichoujaza muda huo kwa mafanikio ni kazi ya wenye vilima wenyewe.

SAFU NNE ZA ULINZI

Kwa msomaji mwenye mazoea ya kijeshi, kazi ya kulinda bonde la mto yaweza kupangwa kama ulinzi wa safu kwa safu, adui akiwa ni maji yakimbiayo na udongo.

Safu ya kwanza ni kilele cha kilima. Hapo pafaa miti na majani ya kudumu, na mifugo isiachwe kupakanyaga hata pakawa uchi.

Safu ya pili ni mteremko, ambako watu hulima. Hapa silaha ni tuta na mtaro uliochimbwa kwa kufuata usawa wa kilima, usioelekea chini hata kidogo. Majirani zetu wa Machakos huko Kenya wana mtindo uitwao fanya juu: mkulima huchimba mtaro, na udongo wake huutupa upande wa juu, ukawa ukingo. Juu ya ukingo hupandwa majani ya tembo, ambayo hushika udongo na kulisha ng'ombe. Mvua za miaka michache huujaza ukingo, na mteremko hugeuka ngazi za mashamba yaliyo karibu sawa. Jina hilo la Kiswahili limeingia hata katika vitabu vya wataalamu wa ng'ambo. Wazee wa Kigezi nao wanajua faida ya matuta, kwani vilima vyao vimelimwa kwa mtindo huo tangu zamani, na ndivyo vilivyowalisha watu wengi katika ardhi ndogo.

Safu ya tatu ni kinamasi, ile bohari tuliyoieleza. Hiki hakihitaji kujengwa. Mitaro ikizibwa na watu wakitoka, mafunjo hurudi yenyewe, na pamoja nayo hurudi korongo mwenye taji, ndege wa bendera yetu, ambaye hutaga humo.

Safu ya nne ni ukingo wa mto, zile mita 100 au 30 za sheria. Hapo pafaa miti ya asili na mianzi. Mawe ya mpaka ni mazuri, lakini mawe huhamishwa usiku. Mstari wa miti mikubwa unaojulikana na kijiji kizima ni vigumu kuuhamisha.

Safu mbili za kwanza, ambazo ndizo zinazoamua vita, zimo ndani ya mashamba ya raia. Polisi hana safari huko, wala jeshi halina kambi huko. Mwenye shamba ndiye mlinzi, na hakuna wa kumbadili zamu.

WAJIBU WA ASKARI

Basi sisi wenye sare tuna kazi gani? Katiba yetu, katika kifungu cha 209, imelipa jeshi kazi nne: kulinda uhuru na mipaka ya nchi; kushirikiana na wakuu wa kiraia wakati wa dharura na maafa; kujenga uelewano kati ya jeshi na raia; na kufanya kazi za uzalishaji kwa maendeleo ya nchi. Mto unagusa tatu za mwisho zote kwa pamoja.

Wenye kumbukumbu hawajasahau tarehe 1 Machi 2010, wakati kilima kilipoporomoka katika kijiji cha Nametsi, Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na kuwafukia wanakijiji wengi. Wanajeshi walipelekwa kusaidiana na raia kuchimbua matope kwa majembe na sururu, wakitafuta miili. Walionusurika, baadhi yao walihamishwa hadi Kiryandongo, mbali na makaburi ya watu wao. Ni kweli kwamba milima ile ni mikali na mvua zake ni kubwa, na hakuna mti unaoweza kuzuia kila poromoko. Lakini kilima kilichokatwa miti na kuchimbwa ovyo huanguka kwa wepesi zaidi. Ni heri jembe la askari lishikwe kabla ya maafa kuliko baada yake.

Kila mwaka, tunapoadhimisha Tarehe Sita ya Februari, vikosi vyetu hutoka kuwatumikia wananchi, na miti hupandwa. Hilo ni jambo jema, nalo laweza kufanywa vizuri zaidi. Katika sehemu nyingi za nchi, Februari ni kiangazi. Mche uliopandwa wakati huo, usipopata mtu wa kuumwagilia, hufa kabla ya Pasaka. Ingefaa basi Februari tuchimbe mashimo na mitaro, kazi inayotaka misuli ambayo kikosi kinayo, na miche ipandwe mvua za Machi zitakaposhika. Tena kila mche ukabidhiwe kwa mwenye shamba aliyekubali kuutunza, mbele ya mwenyekiti wa baraza la kijiji. Mti usio na mwenyewe ni chakula cha mbuzi.

Kwa ndugu zetu wa polisi, ambao wana kikosi chao cha kulinda mazingira, njia ya kwenda kinamasini ipitie kwanza katika baraza la kijiji. Mwananchi aelezwe mpaka uko wapi, apewe muda wa kuvuna alichopanda, na aonyeshwe ofisi inayoweza kumsaidia kupata miche, mizinga au mbegu. Serikali imeigawa nchi katika kanda nne za maji, na makao ya kanda ya Victoria yako Mbarara penyewe. Chini ya kanda hizo huundwa kamati za mabonde zenye wajumbe kutoka wilayani na miongoni mwa watumiaji wa maji. Ofisa wa polisi anayezijua kamati hizo ana wasaidizi wengi. Na amwanzie mwenye ekari hamsini. Akifanya hivyo, wenye tuta moja watasogea wenyewe.

Halafu kuna kambi zetu. Paa la bweni lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10 hupokea lita 2,000 za maji katika mvua ya milimita 10 tu. Maji hayo yasipotegwa kwa tangi au mtaro, hukimbia chini ya kilima na kuchimba korongo katika shamba la raia jirani. Majiko yetu hula kuni nyingi. Kambi isiyopanda msitu wake hula msitu wa watu. Hatuwezi kumhubiria raia juu ya matuta huku maji ya uwanja wetu wa gwaride yanambomolea nyumba.

Mwisho, kila mmoja wetu ana kwao. Askari aendapo likizo husikilizwa kijijini, kwa sababu ametembea na ameona. Yeye mwenyewe akichimba mtaro wa kwanza katika shamba la mama yake, kwa kufuata usawa wa kilima, majirani watakuja kutazama. Na akirudi mwaka utakaofuata atakuta mitaro mitatu.

Katika jeshi, kila kazi hukaguliwa. Kazi hii nayo ina mkaguzi wake, ambaye hapokei rushwa wala haogopi cheo: ni kiangazi. Mwezi wa Julai, wakati nyasi za Ankole zimekauka na vumbi limetanda barabarani, atashuka hadi mtoni na kuuliza kama maji yangali yanapita. Jibu atakalopewa litakuwa limeandikwa miezi mingi kabla, huko juu Buhweju, kwa majembe ya watu ambao pengine hawajawahi kuliona daraja la Mbarara.